Konokono Mfukoni mwa Wifi

Fundi aliingia nyumbani karibu na adhuhuri, mchanga miguuni na kicheko mdomoni, akaweka kombe la baharini juu ya meza ya kukatia nguo, katikati ya chaki na mkasi.

"Haya, Profesa," alimwambia wifi yake. "Wiki nzima unalilia konokono. Huyo hapo. Usije ukasema wifi yako hana faida."

Profesa hakuwa profesa wa chochote. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, anasomea elimu ya wanyama, na jina hilo alipewa na Fundi siku alipohamia kwa kaka yake akiwa na sanduku moja na chupa za kuwekea wadudu. Fundi alikuwa mke wa huyo kaka, mshonaji ambaye mtaa mzima ulimwita kwa kazi yake. Wawili hao hawakuwahi kugombana waziwazi, ila kuelewana nako hakukuwepo. Profesa aliwahi kuweka mende kwenye friji, ndani ya kopo la siagi. Alichukua pini za Fundi akachomea panzi kwenye kipande cha boksi. Na mezani, watu wakila, yeye haachi kueleza makundi ya wanyama: faila, ngeli, oda, familia.

"Ngeli?" Fundi alimkatiza siku moja. "Ngeli mimi naijua tangu shule ya msingi. Konokono yumo A-WA. Konokono anatembea, konokono wanatembea. Mtihani umekwisha, kaoshe vyombo."

Kaka alicheka mpaka akapaliwa. Profesa hakucheka, maana wiki ileile alikuwa amechekwa darasani. Katika mazoezi ya maabara, vile viumbe vyenye gamba jeupe vinavyoganda kwenye nguzo za gati alikuwa ameviweka kundi moja na konokono, kumbe ni ndugu wa kaa na kamba. Mwalimu alisoma jibu lake kwa sauti bila kutaja jina, lakini masikio yake yaliyoshika moto yalimtaja.

Basi asubuhi hiyo Fundi alikuwa amepeleka mapazia kwenye nyumba ya wageni iliyoko ufukweni. Akakuta maji yamekupwa. Akakumbuka kwamba Jumatatu kila mwanafunzi anatakiwa kwenda na mnyama mmoja mwenye gamba, akavua viatu, akaingia miambani. Hakuna aliyemtuma.

Profesa alinyanyuka amshukuru. Kisha akaliangalia lile kombe vizuri, akasahau shukrani.

Lilikuwa na urefu wa kiganja, jembamba upande mmoja kama koni ya aiskrimu, rangi ya maziwa iliyotandwa na wavu wa kahawia. Zuri kupindukia. Kwenye ncha nyembamba mrija mlaini ulichungulia, ukapapasa hewa, ukarudi ndani.

"Wifi, usimguse tena."

"Kwani ataniuma? Ana meno huyo?"

"Analo moja. Umembeba kwenye nini?"

"Mfukoni."

"Mfuko upi?"

"Huu wa gauni. Tena pini imenichoma njiani humohumo, sijui nani aliiacha. Ndiyo mshahara wa ushonaji huo."

Profesa aliushika ule mfuko akaupindua ndani nje. Ukatoka mchanga, kipande cha chaki na uzi uliosokotana. Pini haikuwemo.

"Nionyeshe paja."

"Wewe!" Fundi alicheka, akamsukuma. "Una wazimu? Niache nina gauni la watu la kumalizia." Akakaa kwenye cherehani, akalamba uzi, akainua sindano kwenye mwanga wa dirisha. Uzi ukapita pembeni. Akajaribu tena, ukapita pembeni tena. Mwanamke huyu alizoea kutunga sindano huku anapiga soga na watu dirishani, bila hata kuangalia.

"Ajabu," akasema, na kicheko kilikuwa kimeisha. "Naona matundu mawili. Halafu midomo imekufa ganzi, kama nimetoka kung'olewa jino."

Hapo Profesa hakuomba ruhusa. Alipandisha gauni la wifi yake, akaona pajani doa la zambarau, kubwa kidogo tu kuliko kichwa cha pini. Akalibonyeza. "Unasikia?"

"Sisikii kitu."

Akili ya Profesa ilirudi darasani, kwenye mhadhara uliowasinzisha wenzake. Jamii hii ya konokono ni wawindaji. Hurusha jino lenye sumu, lililo kama chusa, ule mkuki wa wavuvi. Wengi hula minyoo, na hao wakimchoma mtu ni kama nyuki. Wachache hula samaki. Samaki ana mbio, kwa hiyo sumu yao lazima impoozeshe papo hapo. Na wanaomeza samaki mzima, mwalimu alisema, mdomo wa kombe lao huwa mpana na gamba lake jepesi.

Akachukua rula ya Fundi, akalisukuma kombe nayo likageuka. Mdomo ulikuwa mpana.

Akakumbuka masikio yake yalivyowaka moto darasani. Na kama anakosea tena? Akipiga kelele, mtaa mzima ujae, halafu iwe kweli ni pini? Alipomtazama Fundi, akaona kope za macho yake zinashuka zenyewe, kama mapazia ambayo kamba yake imelegea.

"Lala chini," akasema. "Usitembee hata hatua moja."

Kwenye kapu la vitambaa alichomoa pande refu la shuka, akalipasua kwa meno na mikono, akamfunga Fundi mguu wote, kuanzia kwenye vidole hadi nyonga, akikaza ili sumu isisambae haraka, kisha akaufunga na ubao wa kupigia pasi ili usikunjike. Fundi alikuwa anasema kitu kuhusu hiyo shuka, kwamba ni ya mteja, lakini maneno yalimtoka yamelegea kama ya mlevi. Akasikia mwenyewe sauti yake. Hapo ndipo alipoogopa. Akamshika Profesa ukosi wa blauzi, asiuachie.

Profesa alimbandua vidole taratibu, akatoka mlangoni akaita. Jirani yao, msambazaji wa mikate, alikuwa ndiyo kwanza amerudi na gari lake. Hakuuliza maswali. Alitupa trei tupu nje, wakamwingiza Fundi juu ya ubao wake, Profesa akalisukumia kombe kwa rula kwenye ndoo yenye mfuniko, akapanda naye. Wakaondoka. Njia nzima Profesa alikuwa anapiga simu kwa kaka yake, mchomeleaji wa vyuma, na simu inaita bila kupokelewa, kwa sababu mtu aliyevaa kinyago cha kuchomelea hasikii hata radi.

Hospitalini daktari wa zamu alimulika macho ya Fundi, akamwambia ainue mikono. Mikono iliinuka kidogo ikaanguka.

"Ana presha?" aliuliza. "Hii inafanana na kiharusi."

"Siyo kiharusi, daktari. Kachomwa na konokono wa baharini."

Muuguzi aligeuka akamtazama. Daktari naye alishusha tochi, kama mtu anayejiuliza kama amesikia vizuri. Profesa alifunua ndoo. Akamwonyesha mdomo wa kombe, akamwonyesha doa pajani, akaeleza habari ya jino na samaki, haraka haraka, akijikwaa kwenye maneno.

"Wewe ni nani wake?"

"Wifi yake. Nasoma wanyama. Mwaka wa kwanza."

"Mwaka wa kwanza," daktari alirudia, bila dharau. "Una uhakika?"

"Spishi sina uhakika nayo. Familia nina uhakika nayo."

Daktari aliinama juu ya ndoo. "Sijawahi kumwona mgonjwa wa namna hii," akasema. "Lakini kiharusi hushika upande mmoja, na huyu pande zote mbili zinashuka sawasawa. Dawa ya sumu hii ipo?"

"Haipo. Mwalimu alisema sumu huisha yenyewe, mradi mtu apumuliwe mpaka iishe. Moyo wenyewe hausimami. Kinachosimama ni pumzi."

Kama vile Fundi alikuwa akingoja neno hilo, kifua chake kilipanda nusu, kikatua, kikachelewa. Midomo ikawa na rangi ya jivu. Daktari akapaza sauti, kitanda kikasukumwa, mpira wa hewa ukapitishwa kooni. Mashine ya kupumulia ilikuwa moja, na ilikuwa na mgonjwa mwingine aliyetoka kupasuliwa. Wakaunganisha mfuko wa kuminywa kwa mkono.

"Unaminya, unaachia," muuguzi alimfundisha Profesa. "Pumua mwenyewe taratibu, umpe na yeye. Usikimbie. Ukichoka sema, tutabadilishana."

Basi Profesa akaminya. Akaachia. Akaminya. Fundi alilala bila kutikisika, macho yamefumbwa, mikono imelegea pembeni. Yule ambaye mdomo wake haukuwahi kukosa la kusema alikuwa kimya kama kitambaa kilichokunjwa.

Kaka alifika jioni na nguo za kazi, uso mweusi kwa moshi, akasimama mlangoni. Alipomwona mkewe, akasogea akashika chuma cha kitanda.

"Amekufa," akasema. "Jamani, amekufa. Nitawaambia nini kwao?"

"Kaka, nyamaza!" Profesa hakuwahi kumjibu kaka yake hivyo maishani. "Anakusikia. Misuli ndiyo iliyolala, akili iko macho. Kila unachosema anakisikia."

Kaka alimtazama, akamtazama mkewe. "Anasikia?"

"Anasikia. Njoo huku. Shika huu mfuko. Na uongee naye vizuri."

Kaka alishika mfuko kwa mikono yake mikubwa iliyozoea vyuma. Mwanzoni aliminya kwa nguvu mno, muuguzi akamkemea. Halafu akapata mwendo. Akaanza kumwambia mkewe habari za kazini: geti walilolichomelea likakataa kufunga, msimamizi aliyekalia rangi mbichi. Machozi yanamtiririka huku anasimulia vichekesho. Profesa alikaa sakafuni, ameegemea ukuta, vidole vimekakamaa kama vya mzee.

Walipokezana hivyo, wao wawili na wauguzi, usiku ukaingia na kupita. Kuna wakati mfuko ulichomoka kwenye mpira. Profesa aliona kifua kimetulia tuli, akapapasa, akakosa, akapapasa tena, ukaingia. Ilikuwa kitambo kifupi tu. Lakini baada ya hapo hakukubali tena kuketi.

Kulipopambazuka, alikuwa anaminya huku macho yamemjaa usingizi alipohisi mfuko unamkatalia. Akaachia. Kifua cha Fundi kikapanda chenyewe, kidogo, kama cha mtoto mchanga.

"Daktari!"

Daktari alikuja mbio, akaweka kiganja juu ya kifua. Wote wakangoja. Kikapanda tena. Kisha tena. Kidole gumba cha mkono wa kulia kikatikisika, na kope zikafunguka upenyo mwembamba, na ndani ya upenyo ule jicho likageuka likamtafuta mtu.

Mpira walimtoa mchana. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, na neno la kwanza lilikuwa kwa mumewe.

"Huyo msimamizi," akasema, akapumzika, "rangi ilitoka kwenye suruali?"

Kaka alicheka, kicheko kikageuka kilio, akatoka kwenda kusimama kwenye korido, uso ukutani. Wale wanawake wawili wakabaki peke yao. Fundi alikuwa anaangalia dari.

"Nilisikia yote," akasema. "Nilitaka kuwaambia nipo. Hata kidole kilikataa. Mfuko ulipochomoka, nilikusikia unapapasa. Nilikuwa nahesabu, wifi."

Profesa alimvutia shuka mpaka mabegani.

"Umechoka," Fundi alisema. "Nenda nyumbani ukalale." Kisha, Profesa alipoinuka, mkono dhaifu ukamdaka pindo la blauzi. "Hapana. Usiende. Naona usingizi unanijia, na ninauogopa. Nikilala, utanitazama kama napumua?"

Mwanamke huyu hakuwahi kumwomba mtu kitu ndani ya nyumba ile. Profesa alivuta kiti mpaka kikagusa kitanda. Akaweka kiganja chake juu ya mbavu za wifi yake, chini kidogo ya bega.

"Lala," akamwambia. "Mkono wangu uko hapa."

Fundi alifumba macho. Chini ya kiganja, mbavu zilipanda, zikashuka, zikapanda.