Injini Mpya ya Panzi

Gari lile Mohinder alilitengeneza kwa mikono yake, katika miaka ya shida ambapo hata sabuni ilipatikana kwa foleni. Chasisi aliiunga kwa mabomba ya mraba aliyoyaokota huku na kule, bodi akaigonga kwa nyundo kutoka kwenye mabati ya alumini. Lilipotoka gerejini kwake Pasua, mjini Moshi, lilikuwa fupi na lenye pua ndefu, watu wakaliita Panzi. Sura ya mbio lilikuwa nayo. Mbio zenyewe ndizo lisizokuwa nazo. Injini yake ilitoka kwenye gari dogo lililochoka, na kila alipojaribu kupanda nalo mlima wa Marangu lilichemka likazimika njiani, likarudishwa kwa kamba huku watu wakimpa pole wakificha kicheko. Mwishowe bloku ya injini ikapasuka, na Panzi likafunikwa turubai.

Gereji sasa iliendeshwa na binti yake, Amandeep, maana mgongo wa mzee ulikuwa umegoma kuinama. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono ya kazi na subira haba. Biashara ya nje ilipofunguliwa na vipuri vilivyotumika vikaanza kumiminika kutoka Dubai, aliona kwa binamu yake Bhavesh, muuza vipuri, injini ya Toyota iliyotolewa kwenye gari lililogongwa nyuma. Ilikuwa nyepesi, na nguvu zake zilikaribia mara mbili ya nguvu za ile ya zamani. Aliipakia kwenye pikapu siku hiyohiyo.

Injini haikuingia. Yeye na Basili, fundi wa kuchomelea aliyefanya naye kazi, waliishusha kwa mnyororo, sampu, lile bakuli la oili chini yake, ikagota kwenye bomba lililokingama mbele. Wakaiinua, boneti likakataa kufunga. Wakaisogeza kulia, ikagusa mhimili wa usukani. Wakaisogeza kushoto, giaboksi ikakosa pa kupita katikati ya viti. Basili akakalia tairi, akasema injini hiyo waiuze tu. Amandeep alichukua chaki, akalala chini ya gari, akaanza kutia alama kwenye mabomba. Alipotoka alikuwa ameipata njia, na njia yenyewe haikumfurahisha.

Injini ilipaswa kurudi nyuma, kuelekea kwa dereva. Bomba la mbele lingekatwa na kuhamishwa, ukuta kati ya injini na viti ungefunguliwa, na mabomba mapya ya mshazari yangechomelewa ili chasisi isijipinde. Yote hayo yaliwezekana. Lakini nafasi ya miguu upande wa usukani ingepungua sana. Mtu mfupi angetosha. Mohinder alikuwa mrefu kama mti wa mgrevilea.

Amandeep alihangaika kutafuta njia nyingine, akijua anajidanganya. Mwishowe alimpelekea baba yake chai barazani, akamweleza mambo yote bila kuzunguka. Mzee aliacha chai ikapoa, akaenda gerejini, akajikunja mpaka akaingia kwenye kiti cha dereva, akashika usukani. Amandeep alisimama kando akitamani kuyameza maneno yake.

"Nikikataa?" Mohinder aliuliza.

"Litabaki lako, Papa. Ila litabaki hapahapa."

Mzee akapitisha kidole juu ya kiungo alichokichomelea mwenyewe enzi zile, taratibu, kama mtu apapasaye kovu. Kisha akatoka kwa shida, akamwita Basili.

"Lete msumeno," alisema. "Wa kwanza kukata ni mimi."

Akalikata bomba la mbele mpaka jasho likaloanisha kilemba chake, na hakukubali kupokewa. Baada ya hapo kazi ikaenda. Kabla ya kukata bomba jingine lolote walichomelea kwanza la kushikilia, Mohinder akiwa ameketi kwenye stuli, akikosoa kila kiungo na kumfanya Basili arudie hata vile vilivyokuwa vizuri. Injini iliposhushwa mara ya mwisho, bolti zote zilipenya kwa vidole, bila nyundo. Amandeep, akiwa chini ya gari, alicheka peke yake.

Mwaka ule wapenda magari wa Moshi waliandaa mashindano ya kupanda kutoka Himo hadi Marangu, gari moja moja, na mshindi ni mwenye muda mfupi zaidi. Yalikuja magari ya rali kutoka Arusha, yamepakwa rangi na kubandikwa matangazo. Panzi lilipofika, watu walilitambua. Mmoja akauliza kama wamebeba kamba.

Abiria mmoja aliruhusiwa, na upande wa abiria miguu bado ilikuwa na nafasi yake. Mohinder akaingia bila kuombwa.

Bendera ikashuka. Panzi liliruka hata kichwa cha mzee kikagonga kiti. Amandeep alibadili gia na injini ikapokea, akabadili tena, ikapokea tena, na migomba ya pande zote mbili ikawa ukuta mmoja wa kijani. Kwenye kona chasisi haikujipinda hata kidogo. Aliisikia mgongoni, imekaza kama kitu kimoja. Wakafika mlima uleule uliozoea kuwashinda. Mshale wa joto ulitulia. Amandeep akapunguza mwendo kidogo, kwa mazoea ya woga.

"Ongeza," baba yake akasema.

Akaongeza.

Marangu watu walisikia mngurumo kabla ya kuona gari, na akina mama waliokuwa wakiuza ndizi wakasimama kutazama. Magari ya Arusha yalikuja nyuma yao moja baada ya jingine, na hakuna lililoufikia muda wa Panzi. Basili, aliyetangulia kuwasubiri, alirusha kofia yake juu, ikanasa kwenye mti, na hakujali.

Boneti likafunguliwa, watu wakasongamana. Wageni walitaka kujua gari hili limetoka nchi gani. Mohinder aliwaonyesha mahali bomba la zamani lilipokuwa, na mahali lilipohamia, akieleza polepole, akinyoosha mgongo wake. Mmoja akamwuliza kama gari ni lake.

"Nililijenga mimi," alisema. "Lakini mwenye gari ni yule pale."

Amandeep hakusikia. Alikuwa amebebwa juu juu na watu asiowajua, mikono imejaa oili, akicheka mpaka machozi yakamtoka.