Vifuko vya Maua ya Maboga

Fundi cherehani alikuwa katibu wa kikundi cha wafuga nyuki, na kwa wiki mbili alikuwa amejinyima usingizi wa asubuhi kwa ajili ya maua ya maboga. Nyuma ya zahanati, karibu na mizinga ya kikundi, alichagua maua ya kike kumi na mawili. Sita aliyavisha vifuko vya chandarua kabla hayajachanua, nyuki wasiyaguse. Sita aliyaacha wazi, akayafunga uzi mwekundu vikonyoni kuwa alama. Alitaka vijana wa mtaa waliokuwa wakija kila Jumamosi wajionee wenyewe: ua lisilofikiwa na nyuki halizai boga. Alishawaeleza mpaka koo likamkauka, nao kila mara waliuliza asali italiwa lini.

Jumamosi hiyo walikuja kumi na mmoja. Akawatangulia kwa mbwembwe, akiwaeleza habari za vifuko na nyuzi, akakata kona ya zahanati, akaganda. Hapakuwa na kifuko hata kimoja. Wala uzi.

"Shemeji!" akaita.

Mtunza bustani wa zahanati, mume wa dada yake, akatokea na reki mkononi, anatabasamu kama mtu anayesubiri kupongezwa. "Umeona palivyotakata? Jana tulikuwa na wageni. Sijui watoto gani hao wametundika matambara kwenye maboga yako! Nimeyatoa yote, na nyuzi nimekata moja moja. Mgongo unaniuma hadi sasa."

"Hayo matambara nimeyashona mimi."

"Wewe?" Tabasamu likafifia. "Boga na nguo wapi na wapi, shemeji?"

Vijana wakaangua kicheko. Fundi hakucheka. Masikio yalimwaka moto. Alitamani kumpokonya ile reki aivunje, lakini watoto wa watu walikuwa wanatazama.

"Umeniona hapa kila asubuhi. Umeshindwa hata kuniuliza?"

"Nilidhani unakagua nyuki wako."

Msichana mmoja mrefu, ambaye hakuwahi kuuliza swali tangu aanze kuja, alikuwa ameshachuchumaa. Akaokota kiboga kilichonyauka, ukubwa wa kidole gumba. "Fundi, hiki kilivishwa kifuko au kiliachwa wazi?"

Fundi akakitazama. Vingine vilikuwa vimenenepa kwenye mashina, vingine vimekokotwa na reki hadi kwenye rundo la takataka. Moyoni aliamini kilivishwa kifuko. Lakini kuonyesha hakuweza.

"Sijui," akasema, na neno hilo likamuuma kuliko yote. "Nikisema najua, nitakuwa nakudanganya."

"Basi tumekuja bure," mmoja akanung'unika. Wanne wakaondoka bila kuaga.

Fundi akatoa mkobani mabaki ya chandarua. Wiki mbili nyingine! Akawagawia waliobaki, akawaonyesha maua mapya ambayo hayajachanua. Shemeji naye, kwa aibu, akachukua kipande akafunga ua la kwanza aliloliona.

"Baba, hilo ni dume," msichana akamwambia. "La kike lina kiboga kidogo hapa chini."

"Nani amekufundisha?"

"Fundi. Mwezi uliopita."

Fundi alisikia, ila hasira ilikuwa haijampoa. Akaendelea kukaza fundo, akahesabu kimoyomoyo asubuhi kumi na nne, na bila kugeuka akasema, "Shemeji, hiyo reki kairudishe stoo. Leo hii."