Mrija Mmoja

Pori la Nyamuhoro lina wenyewe tangu zamani, ila wenyewe hao, Watwa waliofukuzwa humo, walikuwa wakilala chini ya maturubai katika kambi ya Mugunga, huku ng'ombe wa watu wengine wakishiba juu ya makaburi ya babu zao. Mukakalisa, mjane mmoja wa Watwa hao, alikuwa ameapa kwamba hatazikwa kwenye mawe ya volkano ya kambi hiyo. Sheria ya kuwalinda watu asilia ilikwishatoka, na ombi lao la kurudishiwa pori lilikuwa tayari. Kilichobaki ni mtu wa kulifikisha ofisi ya jimbo.

Mtu huyo akajileta mwenyewe. Bahizire, mkurugenzi wa shirika moja la Murara, mtaa wa mjini, alishuka kwenye gari jeupe mbele ya turubai la Mukakalisa, akakalia kiti pekee kilichokuwapo, akatoa simu.

"Mama, mutuonyeshe ile dawa yenu ya vidonda, vile munaitafuna na kuibandika. Tutafilmer na hii simu kidogo tu. Kisha dosie ya pori, ile ombi yenu, nitaipeleka mimi mwenyewe."

"Na kama ninakatala?"

"Basi dosie itangojea."

Shemeji yake Mukakalisa, Niyitegeka, akamnong'oneza, "Mupe, shemeji. Batoto banalala njaa."

Mukakalisa hakumlaumu. Lakini dawa ile alipewa na mama mkwe wake, na sasa, ikisharekodiwa, watu wa shirika wangeitia kwenye chupa, wajukuu wake wakainunue dukani.

"Muzuri, Papa Directeur," akasema. "Nitakufundisha. Lakini kwetu dawa haifundishwe mugeni. Mwenye kuipokea anakuwa kwanza mutoto wa nyumba, na mutoto wa nyumba anakunywa na sisi."

Akaleta kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, na mrija mmoja. Akanywa. Niyitegeka akanywa. Kisha Mukakalisa akamwelekezea Bahizire mrija ule ule, bado umelowa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Watu wa huku wanajua kinachosemwa: Mtwa mpe kibarua, mpe nguo kuukuu, lakini usinywe naye chombo kimoja. Bahizire akasema tumbo linamsumbua. Halafu, kana kwamba amesahau, akasema kanisa limemkataza pombe.

"Mate yetu unayaogopa," Mukakalisa akasema taratibu, "lakini dawa tunayoitafuna kwa hii kinywa, hiyo unaipenda."

Niyitegeka alikuwa ameinamisha kichwa. Akakiinua. "Papa, weka simu mu mufuko."

Gari likaondoka. Pori nalo likawa bado halina wa kulisemea, na jambo hilo lilimuuma Mukakalisa usiku kucha. Kulipokucha akakusanya wanawake, wakaenda mjini kwa miguu, yeye amebeba ombi lao kifuani na kibuyu kichwani.

"Mumeletwa na shirika gani?" karani wa ofisi akauliza.

"Hatukuletwa. Tumekuja."

Akatua kibuyu mezani, akachomeka mrija ule ule, akausogeza upande wa karani.

"Tutaongea juu ya pori yetu. Kunywa kwanza."

Karani akautazama mrija, kisha mlango. Wanawake walikuwa wameshaketi sakafuni hadi mlangoni, na hawakuwa na haraka.