Mzuka Anayepiga Hodi

Usiku wa jana, tumbo likiwa limejaa mihogo ya kuchoma, niliota natetea tasnifu katika Idara ya Taaluma za Kutisha. Nimevaa msuli na fulana. Hakuna aliyeshangaa, maana mwenyekiti wa jopo alikuwa jini mwenye kwato, na kwato zenyewe amezipaka rangi ya viatu.

Tasnifu yangu ilikuwa na hoja moja: nyumbani kwangu kuna mzuka, naye ni marehemu mke wangu, Bi Somoe. Nikifaulu, anakuwa mzuka rasmi, na jioni tutakaa wawili. Nikifeli, nyumba inapigwa muhuri wa TUPU.

"Ushahidi?" aliuliza jini.

"Nyumba iko kimya mno. Kimya cha namna ile hakiwezi kuwa cha mtu mmoja."

"Huo ni upweke, babu. Upweke wanausomesha jengo la pili."

Basi tunakwenda jengo la pili. Tukifungua mlango, ni ngome ya mawe, radi inapiga, popo wananing'inia darini wakinukuu mhadhara. Ghorofani mtu anapiga yowe.

"Nani yule?"

"Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alipiga yowe bila kutaja chanzo. Anarudia."

Akaingia mtahini wa nje. Ilikuwa mbuzi ya kukunia nazi, ile ile ya Bi Somoe, niliyoiacha imekunjwa nyuma ya mlango wa jikoni tangu afariki. Ikajikunjua, ikajikalia yenyewe.

"Marehemu anatisha?" ikauliza.

"Alinitisha akiwa hai, hasa nikiingia jikoni kwake na viatu."

Popo wakacheka. Jini hakucheka.

"Kanuni ni moja," akasema. "Mzuka huingia bila hodi. Huyu wako huja kila usiku, husimama mlangoni, hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa hurudi zake. Huyo si mzuka, babu. Huyo ni mgeni mwenye adabu. Umefeli."

Nikashika kiti. "Kila usiku?"

"Kila usiku," ikasema mbuzi. "Mimi namsikia. Wewe unakuwa umeshavua kile kidude chako cha sikioni, umekitia kikombeni."

"Si ungemwitikia wewe?"

"Kwa nyumba ya nani, mzee?"

Jini ananyanyua muhuri. Ngome imekuwa chumba changu, kitanda changu, upande wake wa kitanda haujalaliwa.

"Hodi," inasema sauti mlangoni.

Nafungua mdomo. Kimya.

"Hodi."

Muhuri unashuka.

"Hodi, Baba Mize?"

Nikapiga yowe, bila chanzo chochote: "Karibu! Karibu ndani!"

Yowe lile ndilo lililoniamsha. Kumekucha. Bi Chausiku, jirani yangu, alikuwa anagonga ukuta kwa mwiko. Alipoona kimya, akaja hadi dirishani. Nikavaa kidude changu.

"Unamkaribisha nani alfajiri yote hii, Baba Mize?"

"Mke wangu."

Akashusha mwiko. "Haya. Nisalimie."

Nikaenda jikoni, miguu mitupu. Mbuzi ilikuwa katikati ya sakafu, imekunjuliwa. Kwenye meno yake zimenasa chembe za nazi, nyeupe, bado zina maji.

Mimi sijanunua nazi tangu arubaini yake.