Gari la Kumpeleka Bibi Harusi

Mwaka wa 1974 magari ya Lodwar yalikuwa machache, na wawili kati ya wenye magari hayo hawakupatana hata kidogo.

Wainaina, mwenye duka la nguo, alikuwa na Morris Minor ya mwaka wa hamsini na mbili, aliyouziwa na mmishonari aliyerudi kwao. Ukitaka kukata kona, kijimkono cha rangi ya machungwa kiliruka ubavuni kama mtoto anayejua jibu darasani. Omollo, mchuuzi wa samaki, alikuwa na Range Rover mpya kabisa, ambayo hata viti vyake vilioshwa kwa mpira wa maji.

"Hilo lako ni debe lenye taa," Omollo alimwambia.

"Na lako ni ngamia anayekunywa petroli," Wainaina akajibu.

Mwalimu Rispa alipopanga kufunga ndoa na Ekal huko Kakuma, wote wawili walijitolea kumpeleka. Hakutaka kumvunja yeyote moyo. Akasema ataanza na Morris, kisha nusu ya njia ahamie Range Rover. Shangazi yake, Nakuleu, alinung'unika, "Harusi ni Jumamosi. Hawa watakufikisha Jumapili."

Katikati ya njia, Omollo akiwafuata nyuma, walivuka mkondo mkavu wenye mchanga mwingi, wakasimama ng'ambo ili Rispa ahame. Omollo akasema gari lake limepita bila kuguna. Wainaina akasema lake limekuwa likipita hapo miaka yote. Boneti zikafunguliwa, silinda nne zikalinganishwa na nane. Omollo, na suti yake, akalala chini ya Range Rover amwonyeshe mwenzake springi. Wainaina naye akajipenyeza humo, apate kuzidharau kwa karibu.

"Bwana Omollo, kanisa linangoja," Rispa aliita.

"Dakika moja tu, mwalimu!" sauti ikatoka uvunguni.

Masista wa misheni walikuwa wamemfundisha Rispa kuendesha gari kama lile la Wainaina. Alichomoa ufunguo wa Range Rover, akautia ndani ya glavu yake nyeupe, wasije wakafuatwa. Nakuleu akafunika boneti ya Morris polepole. Rispa akashika usukani, akatoa kijimkono, kwa adabu, ingawa barabara ilikuwa tupu, wakaenda zao.

Nyama ya harusi ilikuwa ikigawanywa lori la mbuzi liliposimama Kakuma. Wanaume wawili wakashuka, wamejaa vumbi na harufu. Rispa akajiandaa kukemewa.

"Mwalimu," Wainaina alisema, sauti imekauka, "kile kilima cha kabla ya Kakuma, ulikipanda kwa gia ya ngapi?"

"Ya pili."

"Bila kuguna?"

"Liliguna kidogo."

"Umesikia? Liliguna!" Omollo akapiga makofi, na ubishi ukaanza upya.

Rispa akawakatiza. "Bwana Omollo, gari lako liko peke yake mchangani. Twendeni tukalichukue, lakini nitaliendesha mimi. Nitaamuaje kwa haki lipi bora kama sijalijaribu?"

Omollo na Wainaina wakatazamana, kisha kwa mara ya kwanza wakakubaliana.

"Hapana!" walisema kwa pamoja.

Lakini shangazi Nakuleu alikuwa ameshaketi kiti cha mbele cha Morris, pande la nyama mkononi, akiuliza mbona wanachelewa.