Kura ya Fumbamacho

Verna Tollefsrud alifariki wiki ya pili ya Januari, kadi yake ya kura ikiwa na mihuri mitatu. Ilitakiwa minne.

Kanuni za Tuzo ya Wasomaji hazina ugumu. Kila majira ya baridi, maktaba za miji yetu ya kandokando ya ziwa huweka mezani riwaya sita. Ukimaliza moja, mkutubi anakugongea muhuri kwenye kadi. Ukifikisha minne, Jumamosi ya mwisho ya Machi unapiga kura. Kanuni inasema "kusoma au kusomewa", maneno yaliyoongezwa zamani kwa ajili ya seremala mmoja aliyepofuka, na hakuna aliyejisumbua kuyafuta. Kwenye karatasi ya kura unaandika riwaya uliyoipenda, na chini yake sentensi moja tu ya kueleza sababu. Jina huandiki. Siku hiyo Marlys Kivela, mkutubi wetu, huzisoma sentensi zote kwa sauti mbele ya watu, kila mmoja wetu akiwa na kikombe chake cha kahawa, na kila mtu akijitia hamwangalii jirani yake usoni.

Nani ameshinda, ukweli ni kwamba wengi husahau kabla theluji haijayeyuka. Wanachokijia watu ni Fumbamacho.

Hilo ndilo jina tulilompa. Kwa miaka kumi na moja mfululizo, katikati ya zile sentensi za adabu kuhusu lugha tamu na wahusika hai, ilikuwa lazima itokee moja ya kusifia mwisho ambao kitabuni haumo. "Nimeipenda kwa sababu ya mwisho wake, pale hakimu anapovua viatu na kuingia ziwani kumtafuta mbwa." Kwenye riwaya hiyo hakuna hakimu. Mbwa hayumo pia. Mwaka mwingine ilikuwa treni iliyosimama kumpisha bibi harusi aliyekuwa akichuma zabibu mwitu, na hiyo ilikuwa riwaya ya wachimba madini. Watu walivunjika mbavu. Gordy Skaar, mwenye duka la chambo, alikuwa akipiga meza mpaka vikombe vinaruka. Huyu anasoma kafumba macho, alisema Gordy, na jina likaganda.

Arvid Tollefsrud naye alicheka kila mwaka, machozi yakimtoka. Pembeni yake mkewe Verna alikuwa akinywa kahawa taratibu, uso mkavu wa mtu aliyeko kanisani.

Arvid aliendesha greda la theluji la kaunti miaka thelathini na mmoja. Mtu anayeamka saa tisa za usiku kusafishia wenzake barabara hawezi kuwa msomaji. Ikifika jioni kope zake si zake tena. Kwa hiyo Verna ndiye aliyesoma, kwa sauti, kwenye kiti chake cha karibu na dirisha, na Arvid alilala chali kwenye sofa akisikiliza. Alisikiliza kweli, kurasa mbili, pengine tatu. Halafu sauti ya Verna ilikuwa inaendelea bila maneno, na maneno yaliendelea bila Verna, na Arvid alikuwa ameshaingia humo ndani anatembea. Asubuhi, Verna akimmiminia kahawa, alikuwa akimuuliza, "Haya, mzee wangu, iliishaje?" Arvid alimwambia alichokiona. Kabla kikombe hakijaisha alikuwa ameshakisahau chote, akauliza kama kuna mkate.

Miaka minne iliyopita alistaafu greda. Usingizi haukustaafu.

Kule hospitali, mjini Duluth, siku mbili kabla hajafariki, Verna alimshika kidole gumba.

"Kura yangu ni ya bata," alisema.

"Bata gani tena, mama?"

"Kitabu, wewe. Mwanamke Aliyehesabu Bata. Umalize, halafu uende."

Arvid alidhani ni dawa zinaongea. Baadaye walizungumza habari za bomba la jikoni, lisije likaganda, na hayo ndiyo yakawa mazungumzo yao ya mwisho ya maana. Nyumbani alikikuta kitabu juu ya kiti, uzi mwekundu wa sufu umewekwa ukurasa wa mia mbili na kumi na moja.

Februari ilipoanza alipiga moyo konde, akavaa koti la kanisani, akaenda maktaba na kadi ya Verna mfukoni.

"Nataka kura yake ya kitabu cha bata ipigwe," alimwambia Marlys. "Ameniambia mwenyewe."

Marlys aliitazama kadi muda mrefu. "Arvid, ndugu yangu. Marehemu hapigi kura. Ningekuwa ni mimi ninayeamua, ningempa hata mbili."

"Basi."

"Basi nini? Wewe si una ya kwako?" Marlys alifungua droo, akatoa kadi nyingine. Juu yake iliandikwa A. Tollefsrud, na mihuri mitatu. "Kila mwaka Verna aliniambia nigonge mbili. Yake na yako. Kusoma au kusomewa. Ya kwako hujawahi kuitumia hata siku moja."

Arvid aliona haya mpaka masikioni. "Nililala, Marlys."

"Zote tatu?"

"Zote. Siwezi kupigia kura kitabu nilichokikoromea."

"Kanuni haisemi macho yawe wazi. Haya, hicho cha bata, alichokusomea kabla hajaugua, unakumbuka nini?"

Arvid alijikuna kidevu. Kitu kilikuwepo, mbali, kwa sababu asubuhi ile ambulansi ilikuja kabla ya kahawa, na yeye hakupata nafasi ya kusimulia wala ya kusahau. "Yule mwanamke ana ngazi," alisema polepole. "Anapanda juu ya paa, na kule juu anakuta chumba cha jikoni, kimepangwa vizuri tu, na bata wamekaa mezani wanamsubiri atie chumvi."

Marlys alivua miwani. Hakucheka.

"Hilo halimo, Arvid."

"Si nimekwambia nililala!"

Marlys aliinuka, akaenda chumba cha nyuma, akarudi na kopo la zamani la biskuti. Humo kulikuwa na karatasi kumi na moja. Arvid hakuhitaji kuambiwa. Mwandiko ule ndio uliokuwa ukimwandikia orodha za dukani miaka arobaini na mitatu. Hakimu na viatu vyake. Bibi harusi na zabibu mwitu. Alizisoma moja baada ya nyingine, midomo ikicheza, na alipofika ya tano alisikia harufu ya kahawa ya asubuhi ingawa pale hapakuwa na kahawa.

"Huyu hakimu," alisema, "namfahamu. Alikuwa na miguu mikubwa."

"Mimi mwandiko nilikuwa naujua," alisema Marlys. "Nilidhani anatutania. Nikafika hata kumshuku kwamba hamalizi vitabu, Mungu anisamehe. Kumbe alikuwa anapigia kura ndoto zako."

Arvid alikaa chini. Miaka kumi na moja alikuwa amecheka pamoja na watu, akimcheka mwendawazimu fulani, na mwendawazimu alikuwa yeye, na mkewe alikuwa amekaa pembeni anamsikiliza anavyojicheka. Alijisikia ameibiwa kitu na kupewa kitu kwa wakati mmoja, na hakujua amshukuru nani.

Mlango ukafunguliwa, Gordy Skaar akaingia akipangusa theluji. "Marlys! Mihuri yangu imetimia. Umeshamwona Fumbamacho mwaka huu? Mwambie asituangushe. Asipokuwepo, mimi nabaki dukani kwangu na minyoo yangu, ina hadithi nzuri zaidi." Kisha akamwona Arvid, akavua kofia. "Samahani, mzee. Pole tena."

"Ahsante, Gordy."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Arvid alikuwa anaiona Jumamosi ile. Marlys atasoma sentensi zote, watu watasubiri, na ya Fumbamacho haitakuwepo. Watasema ah, mwaka huu hakuja, na watachukua makoti yao. Hakuna atakayejua kwamba wamemkosa Verna. Hilo ndilo lilimuuma kuliko hata mazishi, kwa maana mazishini angalau kila mtu alijua ni nani hayupo.

Tatizo lilikuwa hili: tangu Januari Arvid hakuwa ameota. Alikuwa analala na kuamka, na katikati hapakuwa na kitu. Na kutunga hawezi. Mtu mwingine angeandika uongo wowote wa kuchekesha akamaliza kazi, lakini Arvid ni Mlutheri wa aina ile inayorudi dukani kwa sababu ya kiberiti kimoja kilichozidi.

Kwanza alikimaliza kitabu. Alikisoma mwenyewe, wima, kitabu kikiwa juu ya friji, maana akikaa tu amekwisha. Kilimchukua wiki tano. Kidole kilitangulia, macho yakafuata. Na mwisho wenyewe, baada ya taabu yote hiyo? Yule mwanamke anauza nyumba na kuhamia Arizona kwa bintiye. Bata wanabaki. Arvid alikifunga kwa kishindo. "Verna," aliliambia friji, "hiki ndicho ulichotaka?" Akaenda kugongewa muhuri wa nne akiwa bado amenuna.

Ijumaa, siku moja kabla ya kura, mchana ulikuwa mweupe. Theluji nyepesi ilikuwa ikishuka bila upepo, ziwa halionekani lilipoanzia, na ndani ya nyumba mwanga ulikuwa umelala juu ya kila kitu. Arvid alikitazama kiti cha dirishani. Hakuwa amekikalia hata mara moja. Mvulana wa miaka sabini na moja anaogopa kiti. Alikaa. Akafungua ukurasa wa kwanza na kuanza kusoma kwa sauti, akilisomea sofa.

Sauti yake ilikuwa mbaya, ya greda hasa. Alisoma hivyo hivyo. Alipofika ukurasa wa tatu aligundua kitu ambacho hakuwahi kukijua maisha yake yote: ukikaa pale, unaiona sofa yote. Unamwona aliyelala, uso wake, kila kinachopita usoni. Verna alikuwa anamwona. Alikuwa akisoma na kumwangalia anavyokwenda, na bado aliendelea kusoma, saa nzima nyingine, ili asimwamshe kwa kunyamaza. Arvid alilia kidogo, akajipangusa na mkono wa sweta, akaendelea. Maneno yakaanza kulegea. Sauti ikaendelea yenyewe. Aliisikia imekuwa nyembamba, tulivu, si ya kwake tena, na hakugeuka kutazama, kwa sababu alijua ukigeuka unaamka.

Alipoamka mwanga ulikuwa wa buluu. Hakwenda kuweka kahawa. Alitafuta penseli kwa kupapasa, midomo ikirudiarudia, akaandika nyuma ya ratiba ya ibada kabla hakijamtoka.

Jumamosi maktaba ilijaa. Kulikuwa na viazi na nyama vya oveni, kulikuwa na vipande vya keki ya limau, na Gordy alikuwa ameketi mbele kabisa. Arvid alikaa pale pale pa kila mwaka na kuweka kofia yake kwenye kiti cha pembeni. Marlys alizitoa karatasi moja moja kwenye sanduku la buti. Riwaya ya daktari wa farasi ilikuwa inaongoza tangu mwanzo, na watu walitikisa vichwa kwa heshima. Lugha tamu. Wahusika hai. Karatasi zikapungua. Gordy alianza kugeuka huku na huku. Mtu mmoja aliinua koti lake.

Marlys alichukua karatasi nyingine, akaisoma kwanza kimya, akakohoa.

"Mwanamke Aliyehesabu Bata," alisema. "'Kwa sababu ya mwisho wake, pale anapowahesabu bata wote waliosimama kwenye barafu, anakuta mmoja amezidi, anahesabu upya, bado amezidi, kwa hiyo anaingia ndani na kuacha mlango wazi.'"

Kisha ukumbi ukalipuka. Gordy alipiga meza kwa viganja vyote viwili, kikombe chake kikaanguka na hakukijali.

"Yupo!" alipiga kelele. "Si niliwaambia? Jamani, bado yupo!"

"Yupo!" wakaitikia wa nyuma, wakicheka na kupiga makofi, na aliyekuwa ameinua koti akalirudisha. "Yupo bwana, hajatutupa!"

Bata walikuwa wa nne katika sita. Arvid hakusikia hata idadi. Alikuwa anacheka pamoja na watu kama kila mwaka, machozi yakimtiririka mpaka shingoni, mkono wake umelala juu ya ile kofia.

Gordy akageuka kumtazama. "Na wewe mzee, wewe ulishawahi kumjua ni nani?"

"Namjua," alisema Arvid.

"Nani?"

Arvid akachukua kikombe chake cha kahawa, akanywa taratibu, uso mkavu.