Maji Yaliyoua Hamira

Kabla hapajapambazuka, Bibi Vilimaina alisikia punje zikidondoka kwenye sahani ya bati. Tk, tk, tk. Kimya kidogo. Kisha tena, tk, tk. Alidhani panya ameingia kwenye mfuko wa dengu. Akaokota ndala moja, akanyata hadi jikoni akiwa tayari kupiga.

Hakuwa panya. Alikuwa Litia, mjukuu wake, amekaa mezani na kitabu cha biolojia mbele yake.

"Unachambua dengu saa hizi, mama?"

"Sichambui, Bibi. Hizi ni kaboni."

Dengu sita zilikuwa zimepangwa mstari. Litia akazitenga, tatu huku, tatu huku. "Hii ndiyo sukari. Ikiingia kwenye seli inakatwa katikati, halafu kila upande unakatwa tena na tena. Mwisho inatoka puani ikiwa hewa, na njiani seli imeshapata nguvu."

"Nguvu za nini?"

"Za kila kitu. Hata za wewe kushika hiyo ndala."

Bibi akacheka, akaitupa ndala chini. Ndipo alipoona kuwa macho ya mtoto yamevimba. Alibandika birika, akatia majani ya mlimau, na chai ilipokuwa tayari akamwekea kikombe karibu na mkono.

"Somo unalijua hivi. Sasa unalia nini?"

Litia alizungusha kikombe mpaka chai ikapoa. Kisha akasema yote.

Mwaka huu, pale chuoni Suva, mji mkuu wa Fiji, mwalimu wao Dokta Renfrew, mama aliyetoka New Zealand, aliwapanga wanafunzi wawili wawili kwa kufuata herufi za majina ya baba zao. Litia akaangukia meza moja na Apenisa kutoka Labasa, mji wa kisiwa kingine. Apenisa ni mtoto wa dada wa mama yake. Kwa hiyo ni kaka yake, na kaka na dada hawasemezani, wala hawaangaliani usoni. Ndivyo Litia alivyolelewa, na aliyemlea ni Bibi mwenyewe.

"Tulitakiwa kupima hamira inavyokula sukari. Unaweka hamira na maji na sukari kwenye chupa, unafunika kwa puto, puto linajaa hewa. Mimi nilimimina maji. Yalikuwa ya moto mno, Bibi, na sikujua. Yeye alijua. Alinyoosha mkono kama anataka kunizuia, akaurudisha. Hamira ikafa. Puto likalala pale kama soksi. Tumepata sufuri wote wawili."

"Mbona hukumweleza mwalimu?"

"Nimweleze nini? Kwamba nasoma habari za seli, na siwezi kumwambia kaka yangu anipe kijiko? Darasa zima litanicheka." Akafuta pua kwa mkono. "Jumatatu tunarudia. Tukikosa tena, nimefeli somo. Na nafasi yangu ya kusomea ufamasia anapewa mwingine."

Bibi alimjazia chai nyingine. Mambo mawili yalimkaa kifuani. La kwanza, kamba iliyomfunga mtoto huyu aliifunga yeye. La pili lilimuuma zaidi, nalo hakulisema: Apenisa yuko hapa Suva tangu chuo kifunguliwe, na hajakanyaga nyumba ya bibi yake.

Palipokucha alimpigia simu. Hakumlaumu. Alimwambia aje Jumamosi, atapika.

Akaja na mkate na kopo la samaki, mrefu, mabega kama ya marehemu babu yake. Litia alikwisha kujificha jikoni, nyuma ya pazia. Apenisa akaketi mlangoni kabisa, macho kwenye mkeka.

"Haya, mume wangu, umefika? Nilidhani umeoa mjini ukanisahau."

"Nioe vipi, Bibi, na wewe hujanipa talaka?"

"Talaka nitakupa leo leo, usiponisaidia na huyu mwenzako wa nyuma ya pazia."

Kijana akainama. Masikio yalimwiva. Lakini hakuondoka. Akasema taratibu, "Bibi, mwambie maji yawe ya uvuguvugu. Kama ya kumwogeshea mtoto mchanga."

"Nimesikia," sauti ikatoka jikoni.

"Usisikie wewe! Ngoja nikwambie," Bibi akafoka. "Anasema maji ya kumwogeshea mtoto."

"Mwambie ndani ya hamira mna vimeng'enya. Ndivyo vinavyokata sukari. Vikipata moto mkali vinaharibika umbo, na havirudi tena kama vilivyokuwa."

"Anasema kuna vidude humo. Ukivichoma vinakunjamana."

Jikoni Litia akashindwa kujizuia, akacheka, na kijana mlangoni naye akatabasamu kwenye mkeka. Wakaendelea hivyo mpaka magimbi yakaiva: sukari kiasi gani, nani ashike saa, nani aandike. Maneno yote yalipita kinywani mwa Bibi, na mengine yalichubuka njiani.

Kisha Apenisa akasema, "Lakini Jumatatu hutakuwepo, Bibi."

Ni kweli. Mvua ilianza kugonga bati. Neno lilimfika Bibi kwenye ncha ya ulimi: semezaneni tu, wanangu, nimewaruhusu. Akamtazama kijana alivyoinama. Angemtii, hilo alilijua. Angetii, na aibu yake angeibeba hadi Labasa kwa mama yake. Bibi akalimeza lile neno.

"Kaka yangu Eroni," akasema, "alipotaka nijue mto umejaa, alikuwa anamwambia mbwa. 'Wewe mbwa, usivuke leo.' Na mbwa mwenyewe amelala fofofo."

"Maabara hakuna mbwa, Bibi."

"Si kuna chupa?"

Jumatatu Bibi hakuonja kitu. Alikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Litia alirudi jioni ameloa, akakaa kwenye ngazi bila kuvua viatu, na Bibi akaja kumfunika taulo kichwani.

"Alisema na chupa, Bibi. 'Wewe chupa, maji hayo bado yana moto, subiri.' Nikasubiri. 'Wewe chupa, sasa.' Nikamimina. Meza zote zikageuka kututazama. Dokta Renfrew akaja. Akasema tumemfanyia mzaha vya kutosha, mmoja haongei, mwingine anaongea na chupa. Akatuambia tukusanye vitu vyetu tutoke."

Mkono wa Bibi ukasimama juu ya taulo.

"Apenisa aliinama tu. Hamira imeshaanza kutoa povu, na sisi tunatolewa. Ikabidi niseme mimi. Nikasimama nikasema, huyu ni kaka yangu, kwetu hatusemezani, chupa ndiyo inatusemea. Huko nyuma mtu akaangua kicheko."

"Na mwalimu?"

"Hakucheka. Alivuta kiti akaketi katikati yetu. Akasema, 'Mnisamehe, ilinipasa kuuliza. Haya, nimwambie nini?' Akawa anatupelekea maneno mpaka mwisho. Puto liliinuka, Bibi. Dogo, limelegea, lakini liliinuka. Tumepata alama za kutufikisha kwenye mtihani."

"Mungu ambariki mama huyo," Bibi akasema. "Basi mbona hufurahi?"

"Apenisa alitoka bila kumuaga hata mwalimu. Nimemtaja mbele ya watu wote. Nimemwaibisha kaka yangu."

Bibi alimfungua kamba za viatu, kwanza kimoja, kisha cha pili.

Siku mbili baadaye Apenisa alipiga hodi. Litia akachukua mwavuli, akatoka kwa mlango wa nyuma bila kuambiwa. Bibi alimpakulia kijana majani ya magimbi kwa tui la nazi, na yeye akala bila kuinua macho.

"Wananiita Bwana Chupa," akasema.

"Wanaokuita ni watani zako?"

"Wengine. Wengine hapana."

Alipomaliza alikwenda kuosha sahani yake. Kwenye beseni kulikuwa na kikombe cha Litia, nacho akakiosha, akakifuta vizuri na kukiweka mahali pake. Bibi alikiona kitendo hicho na kukihifadhi moyoni.

"Mwalimu amenihamishia kundi la Alhamisi," kijana akasema akivaa ndala mlangoni. "Hatutakutana tena mezani. Kwa hiyo sitakusumbua, Bibi. Nimekuja kuaga tu."

Bibi alimshika mkono wa shati. Vidole vyake havikuwa na nguvu nyingi, lakini kijana alisimama.

"Ijumaa jioni Litia huwa kwenye kwaya," akasema. "Ukija siku nyingine nitamtuma dukani akanunue chumvi, hata kama chumvi ipo. Usingoje hamira ife ndipo uje, mume wangu. Njoo hata kama huna la kuniambia. Utakuja?"